Muulize Fundi: u32, UINT32, DWORD, majina yote haya ya nini?

Mwezi huu safu nzima naiachia jambo moja tu, taipu za namba kamili kwenye msimbo wa C ule wa chini kabisa, wa draiva, fimwea (programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe) na kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Barua zilizoingia zinafanana mno, kwahiyo nimezipanga moja baada ya nyingine ili jibu la juu limsaidie na wa chini.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimekabidhiwa msimbo wa fimwea uliopita mikononi mwa watu wengi kabla yangu na kila mtu kaacha majina yake. Namba ya biti 32 isiyo na alama humu ndani inaitwa u32, U32, UINT32, uint32, u_int32_t, DWORD na kwingine ni unsigned long tu hivihivi. Bosi anasema hii ni kazi ya mchana mmoja, piga sed (kile chombo cha kutafuta na kubadilisha maneno kwenye mafaili) kila kitu kiwe uint32_t tumalize. Nimejaribu kwenye kipande kidogo, kompaila ikanimwagia maonyo ya pointa na ya printf, wakati ukubwa ni uleule baiti 4! Kama ukubwa ni sawa inalalamika nini? Na nianzie wapi? Mimi, Mrithi wa Majina Saba.

JIBU: Mrithi, pole sana. Kwanza tusiwalaani waliokutangulia, maana majina hayo hayakuja kwa uzembe. C ya kiwango cha 1989 iliahidi kima cha chini tu, yani char angalau biti 8, short na int angalau 16, long angalau 32, basi. Haikukupa jina lolote la kusema "nataka biti 32 kamili, zisizidi zisipungue". Sasa mtu anayeandika rejista ya chipu au kichwa cha pakiti ya mtandao anahitaji hasa hicho, kwahiyo kila mradi ukajitungia faili lake la types.h. Watu wa BSD wakawa na u_int32_t, watu wa Windows wakawa na WORD ya biti 16 na DWORD ya biti 32 tangu enzi za mashine za biti 16, na mpaka leo kwenye mashine za biti 64 WORD bado ni 16, mana ukiibadilisha unavunja programu za dunia nzima. Dawa rasmi ilikuja na C99, yani kiwango cha mwaka 1999, faili la stdint.h lenye uint8_t, int16_t, uint32_t na wenzake, ila hata baada ya hapo kompaila zingine zilichelewa, ya Microsoft ilianza kuwa na stdint.h kwenye Visual Studio 2010. Miaka kumi na zaidi hiyo! Watu wangefanya nini, wangesubiri?

Sasa swali lako la maonyo. C haiangalii ukubwa inapolinganisha taipu, inaangalia taipu yenyewe. unsigned int na unsigned long ni taipu mbili tofauti hata kama zote ni baiti 4. Na hapa ndo wengi wanashangaa: ukitumia kompaila ya arm-none-eabi (ya chipu za ARM zisizo na mfumo endeshi) pamoja na newlib (maktaba ya C ya vifaa vidogo), ambayo ndo watu wengi wa fimwea wanatumia, uint32_t ya pale chini yake ni unsigned long, siyo unsigned int. Kwenye Linux ya kawaida uint32_t ni unsigned int. Kwahiyo kama U32 yako ilikuwa unsigned int na umeigeuza kuwa uint32_t, ghafla %u kwenye printf inapokea unsigned long na kompaila inakupigia kelele, na funksheni iliyotaka unsigned int * inapewa unsigned long *. Zamani hiyo ya pointa ilikuwa onyo tu, lakini kuanzia toleo la 14 la kompaila ya GCC, la mwaka 2024, ni kosa kamili, haikompaili.

Usidhani ni ubishi wa kompaila tu. Kiwango cha C kinairuhusu kompaila kuamini kwamba pointa ya unsigned int na pointa ya unsigned long hazigusi sehemu moja ya kumbukumbu, na ukiwasha -O2 (bendera ya kuongeza kasi ya msimbo) inaitumia ruhusa hiyo kupanga upya kusoma na kuandika. Ukinyamazisha onyo kwa kubandika kasti (kuilazimisha taipu kwa mkono) unakuwa umezima king'ora tu. Kerneli ya Linux wameamua kuizima kabisa tabia hiyo kwa -fno-strict-aliasing, wewe kwenye fimwea yako nenda kaangalie kwanza mna bendera gani kwenye Makefile kabla hujafurahia kasti.

Kwa printf dawa ipo kwenye inttypes.h, unaandika "%" PRIu32 "\n" na yenyewe inajua chini kuna int au long. Inaudhi kusoma, nakubali, lakini inasema kweli kila mahali. Kwa size_t tumia %zu.

Tuje kwa sed ya bosi. Kwa u32, U32, UINT32 na uint32 sed yenye mipaka ya neno inaweza kusaidia, sawa. Lakini unsigned long, hapo ndo pa kumshika bosi mkono umkalishe chini, kwa sababu kwenye msimbo wa namna hii unsigned long huwa inafanya kazi zaidi ya moja. Kuna mahali ni rejista ya biti 32. Kuna mahali mtu kahifadhi anwani, yani pointa iliyogeuzwa kuwa namba. Na kuna mahali ni kihesabio tu, mtu alitaka "namba kubwakubwa" akaandika long. Ukizigeuza zote kuwa uint32_t, ile ya kwanza umeipatia, ya tatu labda hakuna atakayejua, ya pili umeipiga panga: kwenye mashine ya biti 64 anwani inakatwa nusu ya juu, na mbaya zaidi itaendelea kufanya kazi vizuri kabisa mpaka siku kitu kitakapowekwa juu ya GB 4. Anwani jina lake ni uintptr_t. Alafu sed isiyo makini itakuta unsigned long long na kukuachia uint32_t long, ila hiyo afadhali, kompaila inakataa palepale unaiona.

Na DWORD kaiangalie imefafanuliwaje. Kwenye Windows DWORD ni unsigned long, na ni sahihi kwao kwa sababu Windows ya biti 64 imeacha long ikiwa biti 32. Linux ya biti 64 long yake ni biti 64. Mtu akichukua ule mstari wa typedef unsigned long DWORD akaubeba kama ulivyo hadi Linux, kapata DWORD ya baiti 8, na kila muundo wa data wenye DWORD ndani umevimba. Hii nimeiona kwenye msimbo wa watu mara nyingi na huwa imekaa kimya kwa sababu pande zote mbili zinazoongea zimekompailiwa na DWORD ileile mbovu, zinaelewana vizuri tu katika makosa yao, mpaka aje wa tatu.

Sasa namna ya kuanza. Mimi ningefanya hivi, na ningembishia bosi kwa heshima kwamba mchana mmoja hautoshi. Kwanza tafuta mahali majina yanapofafanuliwa, siyo yanapotumika: pitisha grep kwenye typedef zote na #define zote zinazotaja majina hayo, na usishangae kukuta U32 imefafanuliwa mara mbili kwenye mafaili mawili, moja inasema int nyingine inasema long, na inayoshinda inategemea ni faili gani limeingizwa kwanza. C11 iliruhusu typedef kurudiwa ikiwa taipu ni ileile, kabla ya hapo lilikuwa kosa, kwahiyo msimbo mkongwe utakuta umezungushiwa #ifndef nyingi za kuficha hilo. Angalia sana zile zilizoandikwa kwa #define. Mtu akiandika #define PU8 unsigned char * alafu akatangaza PU8 a, b; basi a ni pointa na b ni herufi tu, ukiigeuza kuwa typedef b nayo inakuwa pointa. Maana imebadilika wakati wewe ulidhani unafagia.

Ukishazijua, tengeneza faili moja tu la heda. Ndani yake ingiza stdint.h, alafu majina yote ya zamani yaelekeze huko: typedef uint32_t U32; typedef uint32_t DWORD; na kadhalika, na chini yake weka _Static_assert(sizeof(DWORD) == 4, "DWORD") kwa kila moja. Hizo za kina _Static_assert zimekuja na C11 na hazigharimu hata baiti moja kwenye chipu. Futa maana zingine zote. Kompaili. Hapo majina bado ni saba lakini ukweli ni mmoja, na kama kuna kitu kitavunjika kitavunjika sasa ukiwa bado hujagusa mafaili mia.

Baada ya hapo ndo unabadilisha matumizi, jina moja kwa wakati, saraka moja kwa wakati, na baada ya kila hatua unalinganisha msimbo wa mashine unaotoka. Hili nalisisitiza kuliko yote: ukibadilisha jina tu, maelekezo ya mashine hayatakiwi kubadilika. Kompaili kabla, kompaili baada, piga objdump -d (inakutolea maelekezo ya mashine) pande zote mbili, alafu diff uone tofauti. Kama ni tupu, umebadilisha jina. Kama siyo tupu, umebadilisha tabia, simama usome. Linganisha sehemu ya msimbo tu, usilinganishe faili zima, kwa sababu taarifa za kudibagi lazima zibadilike zikibeba majina ya taipu, na kama kuna __DATE__, __TIME__ au assert yenye namba ya mstari itakuletea tofauti za uongo. Kwa ubadilishaji wenyewe kuna Coccinelle, inaelewa sarufi ya C kwahiyo haigusi maneno yaliyo ndani ya maandishi wala maoni, ila kwa majina rahisi sed yenye \b inatosha kama diff ya objdump unaifanya kweli.

Ukikuta makosa halisi njiani, na utakuta, usiyarekebishe kwenye komiti ileile ya kubadilisha majina. Yaandike pembeni. Komiti ya majina iwe ya majina tupu, hata kama ina mistari elfu, mtu anaweza kuipitia akiwa anakunywa maji kwa sababu anajua objdump haikusema kitu, alafu kila badiliko la tabia liwe komiti yake fupi yenye maelezo yake. Ukichanganya, atakayetafuta kosa kwa git bisect mwaka ujao ataishia kwenye komiti ya mistari elfu na atalitaja jina lako. Na wale wanaolalamika kwamba umeharibu git blame (inayoonyesha nani aliandika mstari upi), waelekeze kwenye blame.ignoreRevsFile, ipo tangu Git 2.23, unaweka namba za komiti za usafi kwenye faili blame inaziruka.

Swali la mwisho ambalo hukuuliza lakini ndo lenyewe: je kila unsigned long lazima iwe na upana uliotajwa? Hapana. Upana tajika unaupa pale namba inapovuka mpaka, yani inapoenda kwenye rejista, kwenye waya, kwenye diski, au kwa programu nyingine iliyokompailiwa kivyake. Huko lazima uint32_t. Ndani ya nyumba yako mwenyewe, kihesabio cha lupu kinaweza kubaki int au unsigned int na hakuna atakayekufa. Na yale majina yenye maana yake usiyaguse kabisa: size_t, off_t, pid_t, time_t. Nimeshaona mtu kasafisha time_t ikawa int32_t "ili taipu zifanane". Saa ya namna hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 kwa saa za UTC, na watu wa kerneli wamehangaika miaka kuwatoa watu huko, wewe unawarudisha kwa sed.

Kwenye rejista angalia kitu kimoja zaidi. volatile unsigned long * kwenye chipu ya biti 32 inasoma baiti 4. Msimbo huohuo ukihamia kwenye ARM ya biti 64 na Linux inasoma baiti 8 kwa mpigo, na kuna vifaa ambavyo kusoma tu rejista ya jirani kunafuta hali yake. Hapa upana wa taipu ndo upana wa amri inayokwenda kwenye basi ya kifaa, siyo suala la kuhifadhi tena.

SWALI: Kaka fundi mambo. Mimi baada ya kusoma kuhusu stdint nimeamua kila kigezo kinachobeba namba ndogo nakifanya uint8_t ili kuokoa memori. Jamaa kazini ananicheka. Nani yuko sahihi? Mbana Baiti.

JIBU: Jamaa yuko sahihi zaidi, ila angekueleza badala ya kukucheka.

Kigezo cha ndani ya funksheni mara nyingi kinaishi kwenye rejista ya prosesa, na rejista haipungui kwa sababu umeandika 8. Kwenye ARM ya biti 32 unaweza hata kuongeza kazi, maana kompaila inalazimika kutia amri ya uxtb ya kukata biti za juu kila inapoona namba inaweza kuzidi 255. Memori unaokoa kwenye safu kubwa za data na kwenye miundo inayorudiwa mara nyingi, na hata kwenye miundo mpangilio ndo unaamua: uint8_t, alafu uint32_t, alafu uint8_t kwa kawaida inakula baiti 12, ukitanguliza uint32_t ukafuatisha hizo mbili ndogo inakuwa 8. Chombo kinaitwa pahole kitakuonyesha mashimo yote, tumia hicho kabla ya kubana chochote.

Ila hasara kubwa siyo kasi. C kabla ya kufanya hesabu yoyote inazipandisha taipu ndogo zote kuwa int, na hapo ndo mitego imejaa. Chukua uint8_t a = 200 na b = 100. Ukiandika if (a + b > 255) jibu ni kweli, kwa sababu jumla ni 300 kwenye int. Ukihifadhi jumla hiyohiyo kwenye uint8_t nyingine unapata 44. Mtu anasoma mistari miwili iliyofuatana, mmoja unasema 300 mwingine unasema 44, na yote ni sahihi kisheria. Au una uint8_t yenye 0xFF, unaandika if (~x == 0) ukitegemea biti zote zimegeuka kuwa sifuri, haiingii kamwe, kwa sababu ~x imefanyika kwenye int na juu kumejaa moja. Na lupu ya for (uint8_t i = 0; i < 256; i++) haiishi, hiyo kila mtu anaijua lakini bado naikuta.

Mbaya kuliko zote ni uint16_t. Zidisha mbili zenye 65535 kwa 65535, ni 4294836225. Ungedhani hizi hazina alama kwahiyo zitazunguka tu kwa amani. Kumbe zimepandishwa kuwa int, na int ya biti 32 mwisho wake ni 2147483647, kwahiyo umejaza namba yenye alama, na hiyo kwenye C haina maana iliyofafanuliwa, kompaila inaruhusiwa kufanya lolote. Andika (uint32_t)a * b na imeisha. Ukiwa kwenye AVR (aina ya chipu ndogo) ambako int ni biti 16 mambo yanageuka tena: 1 << 16 pale ni kosa tupu, andika UINT32_C(1) << 16.

Kuna na hizi za uint_fast16_t, zinasikika vizuri, "nipe iliyo ya haraka yenye angalau 16". Kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) ya x86 ya biti 64 hiyo ni baiti 8. Kama uliiweka kwenye muundo ukidhani unabana, pole. Mimi sizitumii, kihesabio naandika unsigned int naendelea na maisha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nataka nitume pachi yangu ya kwanza kwenye kerneli ya Linux. Umesema stdint ndo dawa rasmi, lakini kwenye kerneli nakuta u32, kwingine __u32, kwingine __le32. Nikibadilisha u32 zote kuwa uint32_t si nitakuwa nimewasaidia? Chipukizi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, na nashukuru umeuliza kabla ya kutuma.

Kila nyumba na jina lake, na kerneli imechagua u8, u16, u32, u64 na ndugu zao wa s kwa zenye alama. Ile skripti yao ya checkpatch yenyewe inakushauri u32 badala ya uint32_t, kwahiyo pachi yako ingekwenda kinyume na upepo. Mwongozo wao wa uandishi hauzipigi marufuku zile za C99, unasema tu ukiwa unahariri msimbo ambao tayari una seti moja ya majina, fuata hiyohiyo. Nami nakubaliana nao, jina gani limechaguliwa siyo hoja, hoja ni liwe moja.

Ile yenye mistari miwili ya chini, __u32, ni ya mafaili ya heda yanayotoka nje ya kerneli kwenda kwa programu za watumiaji. Kule huwezi kulazimisha mtu awe ameingiza stdint.h, na huwezi kumwaga jina kama u32 kwenye programu ya mtu ambaye labda analo lake. Majina yanayoanza na mistari miwili C imeyatenga kwa ajili ya mfumo, kwahiyo hayagongani na ya mtu. Usiondoe hiyo mistari ukidhani ni uchafu.

Na __le32 na __be32 zinasema baiti zimepangwa kuanzia ndogo au kuanzia kubwa. Kwa kompaila zote ni __u32 tu, lakini ukiendesha make C=1 chombo cha sparse kinazisoma kama taipu tofauti na kukukamata ukizijumlisha au kuzilinganisha bila kupita kwenye le32_to_cpu. Mtu anayezigeuza kuwa u32 "kwa usafi" anafuta taarifa ambayo hakuna mahali pengine imeandikwa. Ukitaka pachi ya kwanza yenye faida kweli nenda upande wa pili: tafuta draiva inayosoma muundo wa kifaa kwa u32 tupu wakati kifaa kinaongea kwa mpangilio maalum, uipe taipu yake, uone sparse itasema nini.

Kuna hadithi ya u64 nzuri kuijua. Zamani kwenye mashine za biti 64 kama Alpha, u64 ya kerneli ilikuwa unsigned long, na kwingine ilikuwa unsigned long long. Matokeo yake printk (printf ya kerneli) yenye %llu ilitoa onyo upande mmoja na yenye %lu ikatoa upande mwingine, watu wakajaza kasti kila kona ya kerneli. Wakaamua ndani ya kerneli u64 iwe unsigned long long kila mahali, ufafanuzi uko kwenye asm-generic/int-ll64.h, na leo unaandika %llu bila wasiwasi. Kasti nyingi za zamani bado zipo zinasubiri mtu wa kuzitoa, pachi hiyo pia ni halali kwa chipukizi, ila toa ya u64 tu, usiondoe kasti ya kitu ambacho hujaangalia taipu yake.

Ukigusa miundo inayovuka kwenda kwa mtumiaji, kumbuka i386 (x86 ya biti 32) inapanga namba ya biti 64 kwa mipaka ya baiti 4 na x86 ya biti 64 inapanga kwa 8. Muundo wenye u32 ukifuatiwa na u64 ni baiti 12 upande mmoja na 16 upande mwingine, programu ya biti 32 ikiongea na kerneli ya biti 64 hawaelewani. Ndo mana utakuta watu wameweka __u32 pad; katikati, au __aligned_u64. Hiyo pad haitumiki popote na ndo inayowapatanisha.

Na kwa kuwa uko huko, char. Kwenye x86 ina alama, kwenye ARM haina, kwa desturi ya kila mashine. Kerneli tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023 inakompailiwa kwa -funsigned-char ili kumaliza ugomvi huo. Kwa maandishi tumia char, kwa namba ndogo andika s8 au u8.

SWALI: Fundi, tuna typedef unsigned char BOOL, tangu enzi na enzi. Nikiigeuza iwe bool ya stdbool.h kuna ubaya? Ni jina tu si ndiyo? Mvivu.

JIBU: Siyo jina tu. Chukua BOOL tayari = hali & 0x100;. Ukiwa na unsigned char biti hiyo ya tisa inakatwa, tayari inakuwa 0 hata kama biti imewaka. Ukiwa na bool chochote kisicho sifuri kinakuwa 1. Kwahiyo baada ya kubadilisha kuna masharti yaliyokuwa hayaingii ambayo yataanza kuingia, na nyuma yake kuna msimbo ambao haujawahi kukimbia hata mara moja tangu uandikwe. Huenda ni sahihi, huenda siyo, lakini utausoma wewe kabla ya kifaa kuusoma.

Upande wa pili, tafuta mahali ambapo watu wameweka 2 au 0xFF kwenye BOOL kumaanisha "sijui bado". Wapo kila mahali. Kwenye bool 2 inakuwa 1, na switch yao yenye case 2 inabaki mapambo. Hizo zipe enum.

Na kama BOOL yenu mmoja wa wazee aliiiga ya Windows, ile ni int, baiti 4, basi kila muundo wenye BOOL uliowahi kuandikwa kwenye diski au kutumwa utabadilika umbo mkiigeuza kuwa bool. Huko kwenye miundo weka uint32_t kwa jina lake, bool ibaki kwenye vigezo vya ndani na majibu ya funksheni. Anza na grep ya mahali BOOL inapewa thamani ya & na kitu, hiyo ndo sehemu yenye kazi, zilizobaki ni za kuandika tu.